Rangi ya gari iliyopauka: Ichunguze kwanza kabla ya kuisugua

JUA la pwani halichagui gari. Baada ya miaka kadhaa ya kuegeshwa mahali pa wazi, boneti na paa huwa vya kwanza kupoteza mng'aro. Gari jekundu hugeuka kuwa la waridi, jeusi huwa la kijivu, na jeupe huacha unga mithili ya chaki kwenye kiganja cha anayeligusa.

Wapo wamiliki wanaokimbilia gereji kupuliza rangi gari zima, kazi ambayo ikifanywa kwa bei ya chini huanza kubanduka mapema. Wengine hulipaka dizeli au mafuta ya taa, likang'aa kwa siku mbili, kisha vumbi la mji mzima likanata juu yake. Ukweli ni kwamba magari mengi yaliyopauka yanaweza kurudishiwa mng'aro nyumbani, tena na mtu ambaye hajawahi kushika msasa. Lakini si yote, na hasara kubwa humpata yule anayesugua gari lisilopaswa kusuguliwa.

Magari mengi ya tangu miaka ya 1990 yana tabaka kadhaa juu ya bati: praima, rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo inayobeba mng'aro na ndiyo inayopambana na mionzi ya urujuanimno ya jua. Unene wake kutoka kiwandani huwa takribani mikroni 40 hadi 50, ambao mara nyingi haufikii unene wa unywele mmoja. Mionzi na hewa huidhoofisha mwaka hadi mwaka. Chumvi ya upepo wa bahari, kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe, mti ambao madereva wengi hugombea kivuli chake, huharakisha uharibifu. Kila msuguo nao huondoa sehemu ya tabaka hilo, na kinachoondoka hakirudi.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi hutangulia. Lioshe gari, kisha litazame likiwa kivulini. Ikiwa uso umefifia lakini bado ni mmoja, usio na mabaka, rangi hiyo inaweza kuokolewa. Ikiwa kuna mabaka meupe ambayo kingo zake hunasa ukucha, au utando unaobanduka mithili ya ganda la kitunguu, klia imekwisha kufa. Hakuna polishi itakayoifufua, iwe ya bei gani.

Kipimo cha pili ni cha kitambaa. Tia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, au cheusi ikiwa gari ni jeupe, usugue mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, maana yake unagusa rangi yenyewe. Kwa magari ya zamani, na baadhi ya magari meupe na ya mizigo, hilo si jambo la kutisha, kwani yalipakwa rangi ya tabaka moja isiyo na klia. Rangi ya namna hiyo ndiyo inayorudi vizuri kuliko zote: unga mfu huondoka na rangi hai hutokeza chini yake. Kwa rangi ya metaliki, kinyume chake, ni ishara ya kusimama hapo hapo.

Angalia pia mipira ya milango na madirisha. Ukiona matone ya rangi, gari lilikwisha kupulizwa upya, na unene wa klia yake hauwezi kukisiwa.

Kazi yenyewe hufanyika kivulini, bati likiwa limepoa. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudishwe kwenye rangi. Baada ya kuosha, pitisha kiganja juu ya boneti. Kikikwaruza, uchafu umejikita. Huo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaofinyangwa kama ule wa kuchezea watoto na kutelezeshwa juu ya maji yenye sabuni. Kipande kikianguka chini, kitupe.

Ziba kwa utepe wa karatasi kingo za boneti, za milango na mikunjo yote ya bodi, kwa sababu hapo rangi huwa nyembamba zaidi. Kisha chagua eneo la majaribio lisilozidi sentimeta 40 kwa 40. Weka kompaundi kidogo kwenye sifongo, sugua kwa mistari iliyonyooka, futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, utazame. Majaribio hayo ndiyo yatakayokuambia kama gari zima linastahili jasho lako. Ukipata matokeo ya kuridhisha kwa kompaundi laini, usitafute kali zaidi. Anayetaka kutumia mashine achague ile ambayo sahani yake hutetemeka huku ikizunguka. Mashine ya mzunguko mtupu huunguza rangi ya mwanagenzi kwa sekunde chache.

Msasa ni hatua ya mwisho, na wengi hawaihitaji. Ikilazimu, tumia msasa wa maji namba 2000 uliolowekwa angalau dakika 10, upitishe mara chache kwa mkono mwepesi, umalizie kwa namba 3000, kisha kompaundi. Kwa gari lenye klia, maji yanayotiririka yanapaswa kuwa meupe kama maziwa. Yakianza kuwa na rangi ya gari, acha. Rangi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, huenda zina madini ya risasi, hivyo zisipigwe msasa mkavu na watoto wasiwe karibu.

Kuhusu gari ambalo klia imebanduka, ushauri wetu ni kumlipa fundi apulize boneti na paa pekee. Mwonyeshe namba ya rangi iliyo kwenye bamba la gari. Kwa Toyota hutanguliwa na herufi C/TR. Sisitiza aondoe klia yote iliyolegea hadi sehemu inayoshika, vinginevyo mpya itabanduka pamoja na ya zamani. Klia ya kuchanganywa na kikaushio isipulizwe nyumbani. Ina kemikali za isosianati zinazoweza kusababisha pumu ya kudumu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake.

Rangi iliyosuguliwa na kuachwa wazi hupauka tena upesi. Malizia kwa polishi laini, kisha nta, ukiipaka nyembamba kadiri inavyowezekana. Kwa gari linalolala na kushinda nje, irudie kila baada ya miezi miwili au mitatu, na usilioshe kwa sabuni ya unga ya kufulia, kwani huing'oa. Maji yakimwagwa juu ya boneti yakajikusanya kuwa matone, nta bado ipo. Yakitandaa, muda wa kuipaka tena umefika.