Walihama au walihamishwa?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo nazungumzia kitenzi kimoja tu: kuhama. Ni neno la kila siku, lakini limenitoa jasho.

Mzee wangu huko Litein ana sanduku la vipande vya magazeti ya zamani, vingi vikihusu ardhi ya Kericho na Bomet. Nilivipiga picha, programu ikageuza picha kuwa maandishi, nikaanza kusaka. Nilipoandika "hama", nikaletewa kila anayehamasisha vijana na kila aliyehamaki bungeni, lakini "walihamishwa" haikutokea. Nikafupisha kuwa "ham". Ikatokea, pamoja na hamu, hamira na shilingi hamsini.

Dawa tuliyozoea sisi watengeneza programu ni kuifundisha kompyuta ikate viambishi, ibakize mzizi. Alihama, alihamia, alihamisha, alihamishwa: vyote viwe kitu kimoja. Niliiandika usiku mmoja na ikafanya kazi vizuri. Asubuhi nikaona kosa langu. Nilikuwa nimefuta historia yenyewe.

Tazama. Katika miaka ya 1920 kampuni kama Brooke Bond zilianza kupanda chai Kericho. Baadaye watu wengi walikuja kutafuta kibarua kwenye mashamba hayo kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi. Hao tunaweza kusema walihama.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Malaiboni, yaani ukoo wa Talai uliotoa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Familia zikapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali palipokuwa na malaria na mbung'o. Ziliruhusiwa kurudi mwaka 1962, uhuru ukikaribia, na wengi wakajikuta hawana ardhi. Hao hawakuhama. Walihamishwa.

Tofauti yote imebebwa na herufi chache. "-ish-" inasema yuko aliyesababisha. "-w-" inasema hawa ndio waliotendewa. Kiswahili kimeweka ushahidi ndani ya neno, halafu mimi nikaandika programu ya kuutupa!

Hata hivyo neno lenyewe ni laini mno. Mwalimu wa Bomet akipewa shule nyingine Kericho, gazeti litasema amehamishwa. Mwalimu huyo ana barua mkononi, na huko aendako anakuta kazi na mshahara. Ukoo uliopelekwa Gwassi kwa nguvu ya sheria nao "ulihamishwa". Neno ni lile lile.

Tena kitenzi cha kutendwa hakimlazimishi mwandishi kumtaja mtendaji. Mfano wangu: "Familia zilihamishwa." Sentensi imekamilika, sarufi haidai kitu. Geuza: "Serikali ilizihamisha familia." Sasa kuna wa kuulizwa. Watu walipoondolewa Msitu wa Mau mwaka 2018 na 2019, magazeti yalikuwa na maneno makali zaidi, kama "kufurushwa" na "kutimuliwa". Ukali umeongezeka, lakini mtendaji bado anaweza kujificha nyuma ya "-w-".

Huu si mchezo wa maneno. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba watu wa Kericho na Bomet walitendewa dhuluma za kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kuhusu suala hilo, na mwaka 2022 malalamiko dhidi ya Uingereza yakapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Madai kama haya yanategemea swali moja: nani alimwondoa nani? Aliyehama kwa hiari yake hana wa kumdai. Aliyehamishwa anaye.

Basi nimeirekebisha programu. Sasa ina safu tatu: mzizi, viambishi, na jina linalofuata "na", ili nijue kitendo kilifanywa na nani. Bado inakosea. Ikisoma "walihamishwa na mifugo yao", inaniambia ng'ombe ndio waliowafukuza! Hapo inabidi nisome mwenyewe. Mistari ambayo safu ya tatu ni tupu nimeipaka rangi nyekundu, na hiyo ndiyo ninayoisoma na mzee sasa, mmoja mmoja, yeye akinitajia wahusika anaowakumbuka.

Ukitengeneza chombo cha kusaka Kiswahili, usikatekate maneno kabla hujajua unatupa nini. Tukutane tena.