Mkonge Kabla ya Mkonge

Husemwa mara kwa mara kwamba mkonge uliingia katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika mwaka 1893. Habari yenyewe ni ya kweli. Mwaka huo Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo katika utumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Lakini jina la mmea huo halikuja merikebuni pamoja na miche. Wazungu waliuita sisal, kwa jina la bandari moja ya Yucatan, katika nchi ya Mexico. Wenyeji waliyatazama majani yake magumu, wakaziona nyuzi zilizomo ndani, wakauita mkonge. Na neno hilo walikuwa nalo tangu zamani.

Mkonge wa asili ni mmea wa mwituni, wenye majani manene yaliyochongoka, uotao kwa mafungu chini ya miiba katika nyika kavu. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Sansevieria, na aina yake moja wakaiita kirkii, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja. Kamusi za zamani za Kiswahili hulieleza neno mkonge kwanza kwa mmea huu. Mgeni alilichukua jina la mwenyeji, na mwenyeji akabaki kuitwa mkonge pori, kana kwamba yeye ndiye aliyetoroka shambani.

Basi, ikiwa jina lilikuwapo, kazi nayo ilikuwapo. Maana watu hawahangaiki kuupa jina mmea wa miiba usiowafaa kwa kitu. Hapa ndipo historia ya kawaida ya zao hili inapopungukiwa. Huanza na Mjerumani, hufuata reli, kisha bei ya soko la London, na wale waliojua kutoa uzi katika jani kabla ya hayo yote hawatajwi.

Mahali kama Kwashemshi, katika wilaya ya Korogwe, panafaa kufikiriwa kwa jambo hili. Jina lake limejengwa kwa desturi ya nchi hiyo: mahali huitwa kwa jina la mtu, na majina ya wanaume yaanzayo na She- ni mengi kwa Washambaa na Wazigua. Juu yake iko milima ya Usambara. Chini ni bonde la mto Ruvu, ambao pwani huitwa Pangani. Na ng'ambo ya mto nyika ya Uzigua huendelea hadi Handeni. Katika nchi ya namna hiyo kamba haikuwa kitu cha anasa. Nyumba ya miti na fito husimama kwa kufungwa, wala haina msumari. Mbuzi hufungwa kwa kamba, kuni hufungwa kwa kamba, kitanda huwambwa kwa kamba, na mtego wa ndege si kitu ila kitanzi cha ugwe na subira ya mwenye kutega.

Ufundi wake ni mwepesi kuutazama na mgumu kuufanya. Jani hukatwa likiwa bichi, maana likikauka nyama yake hushikamana na nyuzi. Hupondwa kwa gongo juu ya gogo ili maji yatoke, kisha hukwanguliwa kwa ubao au kwa panga butu, kutoka katikati kwenda nchani, likageuzwa na kukwanguliwa upande wa pili. Panga likiwa kali hukata nyuzi. Likiwa butu mno huacha nyama, na nyama iliyobaki huoza na kuiozesha kamba. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, huchambuliwa kwa vidole. Ndipo msokotaji huketi na kunyoosha mguu, akachukua mafungu mawili membamba, akayaviringisha juu ya paja kwa kiganja, yote mawili upande mmoja. Kisha huyaachia yakumbatiane yenyewe kuelekea upande wa pili. Siri yote imo hapo. Kila uzi wataka kujifungua, na kwa kutaka kujifungua huzidi kumbana mwenziwe. Fungu likikaribia kwisha huongezewa jingine, lakini kamwe si katika nyuzi zote mbili mahali pamoja, kwani hapo ndipo kamba ingekatikia. Mtu aliyezoea hupima unene kwa kidole gumba, bila kutazama.

Pwani walikuwa na mali nyingine, nayo ni makumbi ya nazi. Hayo yalifukiwa katika mchanga au tope la ufuoni kwa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa, na nyuzi zake zikasokotwa kuwa kamba isiyoogopa maji ya chumvi. Kwa kamba hiyo mitepe ilishonwa, mbao kwa mbao, bila msumari. Kitabu cha Kiyunani cha safari za bahari hii, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, kinautaja mji wa Rhapta na kusema kwamba jina hilo latokana na vyombo vilivyoshonwa. Baadhi ya wataalamu wameufikiria mdomo wa mto Pangani kuwa ndio mahali pake, wengine wanautafuta mbali zaidi kusini. Lugha ya mabaharia nayo ilitenga kila kamba kwa kazi yake: amari ya nanga, jarari ya kutwekea, demani ya tanga. Na kamba ya katani iliyotoka Ulaya ilipofika, ikaitwa kamba ulayiti, ili isichanganywe na kamba ya hapa. Ni neno lenye kiburi kidogo, na kiburi hicho kilikuwa na haki yake.

Kisha reli ya Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na bonde likageuka. Mwaka 1913 koloni la Kijerumani liliuza nje kiasi cha tani 20,000 za katani. Kazi ya panga butu ilifanywa sasa na mashine kubwa iitwayo Corona, ambayo watu waliigeuza ikawa korona, na jina hilo likawa la kiwanda kizima. Katika kila kilo mia za majani zilizoingia humo zilitoka kama kilo nne za nyuzi. Zilizobaki zilikuwa maji na takataka. Watu nao walihesabiwa. Waliotoka mbali, hata Urundi na Msumbiji, waliitwa manamba kwa ajili ya namba waliyopewa, na kazi yao ilitiwa alama katika kipande cha siku thelathini. Mtu aliyekata majani maelfu kwa maelfu hakusokota hata pima moja ya kamba kwa ajira hiyo. Katani ilifungwa marobota, ikapelekwa Ulaya na Marekani, ikawa kamba huko, na nyingine ikarudi kuuzwa dukani.

Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa katani, na mwaka 1964 zilipatikana zaidi ya tani 200,000. Lakini nyuzi za plastiki zilikwisha kuingia sokoni. Bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwisho wa karne mavuno yalikuwa kama sehemu ya kumi ya yale ya 1964. Plastiki iliiumiza katani ya mashamba, ikamwumiza na msokotaji, ambaye hakuwa na chama wala bei ya London ya kumtetea. Hata hivyo kamba ya plastiki ina aibu moja ijulikanayo na kila mfungaji wa mbuzi: huteleza fundoni.

Mwanahistoria atakaye ushahidi wa kazi ile ya kwanza hataupata katika hesabu za bandari. Sehemu yake imo katika maneno, na sehemu nyingine imo katika mibuyu. Gome la mbuyu lina nyuzi ndefu zifaazo kamba, na mbuyu ukichunwa haufi, bali huota gome jipya. Katika nyika za Afrika ya Mashariki mibuyu mingi mikongwe ina makovu mapana kuanzia karibu na ardhi, yakipanda hadi pale mkono wa mtu aliyesimama unapofika, na juu ya hapo gome ni laini.