Korongo na Nzige wa Rukwa

Mgeni anayefika Vwawa huonyeshwa mashamba ya kahawa, stesheni ya TAZARA na malori yaendayo Tunduma. Ni nadra kuambiwa kwamba sehemu kubwa ya maji ya mkoa huu, kwa njia ya mto Momba na ule Songwe unaoelekea kaskazini, huteremka bondeni na kuishia katika Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji. Huwa nawaambia jamaa zangu, nao hunicheka, kwamba sisi wa huku juu tunakaa kwenye paa la nyumba ya ndege.

Kila nipatapo nafasi mimi huteremka nikapita Kamsamba, nikaenda kukaa na darubini yangu kwenye nyasi za mbugani. Mwari huelea kwa makundi, yangeyange hufuata ng'ombe, furukombe hulia juu ya miti iliyokufa majini. Lakini ndege ninayemfuata zaidi ni korongo mweupe, yule atokaye Ulaya akaja kukaa nasi wakati wa masika. Yeye ana historia, na historia hiyo inaanza na njaa.

Kati ya miaka ya 1930 na 1944, nzige wekundu waliruka kutoka nchi hadi nchi wakala mazao karibu kusini yote ya Afrika. Walipotafutwa chanzo chao, waligunduliwa kuwa wanazaliana katika mabonde machache tu, na Rukwa ni mojawapo. Sababu ni tabia ya ziwa lenyewe. Rukwa hupanuka na kunywea. Likinywea huacha tambarare kubwa za nyasi, na hapo ndipo nzige hutaga mvua zianzapo. Tunutu hutambaa hadi mwisho wa masika, kisha hupata mbawa na kungoja kiangazi kizima majanini.

Mwaka 1949 serikali za kikoloni ziliunda shirika la kimataifa la kupambana na nzige hao, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, si mbali na mpaka wetu. Humo aliajiriwa Desmond Vesey-FitzGerald, mtaalamu wa wadudu. Yeye alitazama bonde zima, si nzige peke yake. Mwaka 1960 alieleza jinsi tembo, nyati na nyamera wa Rukwa wanavyofuatana malishoni, mmoja akimfungulia mwenzake majani. Na kabla ya hapo, mwaka 1955, alikuwa ameandika juu ya ndege walao nzige wekundu. Sisi tutazamao ndege kwa raha tu tunamrithi mtu aliyewatazama kama askari wa akiba. Wenyeji walioujua ule mbuga kuliko yeyote, kwa bahati mbaya, majina yao ni machache mno vitabuni.

Tusiwapambe ndege kupita kiasi. Nzige wakishakuwa kundi la kufunika jua, korongo wote wa dunia hawawamalizi. Kazi yao ni pale nzige wanapokuwa wachache, kabla hawajakusanyika. Kwa hiyo shirika lilitumia dawa, nyingine zikinyunyizwa kwa ndege ya injini. Baadaye ikaja fenitrothion, ambayo huua nzige haraka lakini ina sumu kwa ndege pia.

Juu ya hilo nilizungumza na mzee mmoja wa bondeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kioo unatafutia nini?"

"Korongo."

"Ukimwona korongo, ujue nzige yupo." Akanieleza kwamba utotoni walikula nzige wa kukaanga kwa chumvi, na kwamba dawa ilipomwagwa waliambiwa wasiokote hata mmoja. "Sisi tuliambiwa," akasema. "Korongo nani alimwambia?"

Sikuwa na jibu, ila sehemu ya jibu ilikwisha patikana. Mwaka 2009, nzige wekundu walipozidi tena, takriban hekta 10,000 zilinyunyiziwa ukungu hai badala ya sumu, katika eneo la Katavi, tambarare za Rukwa na bonde la Malagarasi. Ukungu huo, Metarhizium, humwota nzige mwilini na kumuua polepole, pengine kwa wiki moja hadi tatu. Siku hizo zote nzige huzidi kulegea na kuokoteka kirahisi, na ndege amlaye hadhuriki. Polepole hiyo, ambayo mkulima huiona kama kasoro, kwa korongo ni karamu.

Januari hii nimewaona ng'ambo ya Momba, wamejipanga upana wa uwanja, wakitembea hatua kwa hatua, vichwa chini, bila haraka yoyote.