Barua Ambazo Hazikufunguliwa

Shauri halikatwi kwa kusikiliza upande mmoja. Lakini historia, somo nililolifundisha kwa zaidi ya miaka 30, imekata mashauri mengi namna hiyo. Mojawapo ni la Fanny Brawne, mchumba wa mshairi wa Kiingereza John Keats. Nalikumbuka kila nitazamapo Bright Star, filamu iliyoongozwa na Jane Campion na kutoka mwaka 2009.

Keats alizaliwa London mwaka 1795. Alisomea utabibu, kisha akauacha ili aandike mashairi. Mwaka 1818, alipokuwa akimwuguza mdogo wake Tom aliyekuwa na kifua kikuu, alifahamiana na Fanny. Tom akafariki Desemba ya mwaka huo. Mwaka uliofuata jamaa ya Fanny ilihamia upande wa pili wa nyumba aliyokaa Keats huko Hampstead, wakatenganishwa na ukuta tu. Wakachumbiana. Lakini Keats hakuwa na fedha, na desturi ya wakati ule haikumruhusu mwanamume asiye na pato kuoa binti wa watu. Februari 1820 akakohoa damu. Kwa elimu yake ya utabibu alijua maana yake. Septemba akasafiri kwenda Italia kutafuta joto. Akafia Roma tarehe 23 Februari 1821, akiwa na miaka 25.

Huko Roma barua za Fanny zilimfikia. Hakuweza kuzifungua kwa uchungu, zikazikwa pamoja naye vivyo hivyo. Zile alizomwandikia kabla ya safari nazo hazikusalimika. Fanny, kwa upande wake, alizitunza za Keats mpaka alipofariki mwaka 1865, ingawa alikuwa ameolewa na mwingine tangu 1833 na kupata watoto watatu.

Mwaka 1878 barua za Keats zikachapishwa. Wasomaji waliona humo wivu na mateso ya mgonjwa, wakatafuta wa kulaumiwa. Fanny hakuwa na hata mstari mmoja wa kumtetea. Wakasema alikuwa msichana wa anasa, asiyemstahili mshairi. Kimya chake kikahesabiwa kuwa ni kutojali. Hukumu hiyo ilianza kutenguka miaka ya 1930 tu, zilipochapishwa barua alizompelekea mdogo wake Keats wa kike. Ndipo alipoonekana mwanamke mwenye akili, mpenda vitabu, aliyebeba msiba wake bila makelele.

Campion ameisimulia habari yote kutoka upande wa Fanny, na sindano yake mkononi. Filamu si ushahidi, na maneno mengi ya humo yametungwa. Hata hivyo imemwita barazani mtu ambaye hakuwahi kuitwa.

Jambo hili lanigusa. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mchumba wangu, ambaye baadaye alikuwa mke wangu na sasa ni marehemu, aliniandikia mara kwa mara. Barua zake ninazo. Zangu kwake zililiwa na mchwa. Wajukuu wakizisoma watakuta analalamika kwamba sijibu, wasijue kuwa nilijibu zote.

Basi nawasihi wenzangu wanaofundisha somo hili: mkikuta bunda la barua za mtu mmoja, kabla ya kumhukumu mwenziwe, ulizeni kwanza za mwenziwe zilikwenda wapi.