Mguu wa Meza na Bakuli: Habari za Ukerezaji Upande Wetu wa Mlima



Kijitabu hiki cha kila mwaka huwa na kurasa za hesabu na kurasa za kukumbushana. Mara hii tumeonelea vyema kueleza habari za kazi ambayo wengi wetu twapita karibu nayo mjini Kerugoya bila kuuliza ilitoka wapi. Kazi hiyo ni ukerezaji, yaani kuzungusha mti katika mashine huku fundi akiuchonga kwa patasi hadi uwe mviringo kamili. Twataka kujibu swali moja: kwa nini mashine hiyo, ambayo Kiswahili huiita kerezo, imetutolea miguu mingi ya meza na vitanda, lakini mabakuli machache?

Wazee wa Ndia na Gichugu hawakukosa vyombo. Maji, uji na pombe viliwekwa katika vibuyu. Chakula kilipikwa katika vyungu vilivyofinyangwa na akina mama. Kinu kilichimbwa katika gogo moja, na kigoda cha mzee kilichongwa pamoja na miguu yake, bila kiungo hata kimoja. Mzinga wa nyuki ulitolewa katika gogo lililofanywa wazi ndani, na muringa ulikuwa mti uliopendwa kwa kazi hiyo. Vifaa vilikuwa shoka, tezo na patasi za mhunzi. Kipimo cha mviringo kilikuwa jicho la fundi. Jomo Kenyatta, ambaye ujanani alifundishwa useremala katika misheni ya Thogoto, alieleza uhunzi, ufinyanzi na ususi wa Wakikuyu katika kitabu chake cha mwaka 1938. Ukerezaji haukuwa miongoni mwa kazi hizo za asili.

Hata hivyo kerezo si kitu cha jana. Katika kaburi la Petosiris huko Misri, lililojengwa yapata miaka 300 kabla ya Kristo, imo picha ya watu wawili: mmoja avuta kamba ili mti uzunguke, mwenziwe ashika patasi. Katika pwani yetu, mafundi wa Lamu walikereza miguu ya vitanda na viti kwa kerezo la uta na kamba. Katika kerezo la namna hiyo mti huzunguka mbele kisha hurudi nyuma, na patasi hukata pale tu unapomjia fundi. Kwa hiyo kazi ilitaka subira, na mkono uliojua wakati wa kukaza na wakati wa kulegeza.

Huku bara useremala wa kigeni uliingia kwa njia nyingine. Reli ilijengwa kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya mwaka 1896 na 1901, na mafundi wa Kihindi walikuja pamoja nayo. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu mwaka 1902. Misheni ya Tumutumu ilianzishwa mwaka 1908, na ile ya Kabare, jirani yetu, mwaka 1910. Mwaka 1924 Serikali ya wakati ule ilifungua chuo cha ufundi cha Kabete, ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa useremala, uashi na uhunzi. Kazi zilizotakiwa zilikuwa milango, madirisha, madawati na meza za maofisi, mashule na nyumba za wakubwa. Fundi hujifunza kile anachoagizwa. Wenye kuagiza walitaka miguu ya meza. Hapakuwa na mtu aliyemwagiza bakuli.

Iko pia sababu iliyomo katika kazi yenyewe. Mguu wa meza hushikwa pande mbili, kichwani na miguuni, nao hauna njia ya kutoroka. Bakuli hushikwa upande mmoja tu, kwa kuwa upande wa pili ndio mdomo, na patasi sharti iingie humo. Basi huhitajiwa bamba la chuma la kushikia gogo kwa parafujo, mashine nzito isiyotikisika, na mwendo wa polepole mwanzoni, maana gogo lisilo sawa likifyatuka laweza kuua mtu. Fundi asiyekuwa na bamba hilo hachimbi bakuli, hata awe hodari namna gani.

Tena bakuli halitaki haraka. Mti mbichi unapokauka hunywea, na hunywea zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea kiini. Kwa hiyo bakuli lililomalizwa likiwa bichi halibaki duara. Huwa kama yai, au hupasuka. Mafundi wenye akili hukereza mara mbili. Mara ya kwanza huacha ukuta mnene, yapata sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la inchi 10 huachiwa ukuta wa inchi 1. Kisha hupaka nta mahali mishipa ya mti ilipokatwa, na kuliweka kivulini miezi kadhaa. Likikauka, hulirudisha kwenye mashine na kulimaliza. Baada ya patasi hufuata msasa, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, kisha mafuta au nta ya nyuki. Hapo twaona jambo la kufurahisha: mzinga wa babu na mashine ya mjukuu hukutana katika donge moja la nta.

Tutazame majirani zetu Wakamba. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao nyumbani. Kazi ya mtu mmoja ikawa kazi ya vijiji, na wachongaji wakaunda vyama vya ushirika, Wamunyu na Mombasa. Mabakuli na miiko yao, iliyochongwa kwa tezo, imefika Ulaya na Marekani. Lakini mpingo uliadimika, na wengi wamelazimika kuchonga mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Hayo ni mafunzo mawili: ushirika huinua ufundi, na ufundi usiopanda miti hujila wenyewe.

Mlima wetu umekwisha onja funzo hilo la pili. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 1999 ulionyesha jinsi miti ya muthaiti ilivyokuwa ikikatwa msituni kwa siri. Mwaka 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Basi hatuwaambii vijana waingie msituni. Mashambani mwetu, kati ya kahawa na mipakani, imo mikima iliyopandwa na baba zetu, nayo hukatwa ikawa kuni na nguzo. Gogo fupi lisilofaa mbao laweza kutoa bakuli.

Kwa hayo twaleta ombi mbele ya mkutano. Kwanza, kila mwanachama akatapo mti shambani, asipasue vipande vyote kuwa kuni kabla ya fundi kuviona. Pili, Chama kifikirie kununua bamba moja la kushikia mabakuli, litumiwe kwa zamu na mafundi wetu. Tatu, wale wazee wachache wanaojua kuchonga kinu na kigoda kwa tezo waombwe kukaa na vijana hata siku moja kwa mwezi. Mashine yaweza kununuliwa mwaka wowote fedha zikipatikana. Wazee hao hatuna dukani pa kuwanunua, na mwaka huu tumezika baadhi yao.