Wanafunzi wa Historia na Masimulizi ya Maji Maji

Mwaka 1968 wanafunzi wa Idara ya Historia katika chuo cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, walikwenda kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Waliosimamia utafiti huo ni John Iliffe na Gilbert Gwassa. Kabla ya hapo habari nyingi zilizoandikwa zilitoka kwa watawala na wamisionari, ambao hawakusikia yaliyonong'onwa vijijini.

Faida ya masimulizi ya wazee yaonekana katika neno moja. Huko Umatumbi habari za maji zilienezwa kwa njia iliyoitwa njwiywila, yaani kupashana habari kwa siri. Neno hilo lamfunulia msomi matayarisho yaliyotangulia kung'olewa kwa pamba mwezi Julai 1905.

Utafiti huo ulikuwa pia mlango wa kazi ya maisha. Gwassa aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya vita hivyo mwaka 1973; Iliffe naye alizitumia ripoti za wanafunzi katika historia yake ya Tanganyika iliyotoka 1979. Lakini ripoti hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, hali wazee walisema Kiswahili na lugha za kwao, nao wamekwisha kufariki. Basi mwanafunzi wa historia atakaye kuwa mtafiti, mwalimu au mhifadhi wa nyaraka hana budi kuwa mwanafunzi wa lugha pia; kwani tafsiri huhifadhi habari, bali neno la msemaji likipotea, tafsiri haiwezi kulirudisha.