Miezi Tangu Kufunguliwa

Geuza kichupa cha maskara uangalie mgongoni, karibu na mistari ya bei. Utaona mchoro mdogo wa kopo la mviringo lililofunuliwa kifuniko, pamoja na tarakimu na herufi moja: 3M, 6M, mara chache 12M. Herufi hiyo yasimama mahali pa neno miezi. Umoja wa Ulaya uliiamuru alama hii kwa agizo la mwaka 2003. Tangu Machi 2005, kipodozi kinachoweza kukaa zaidi ya miezi 30 kikiwa kimefungwa hupaswa kuibeba kinapouzwa huko, isipokuwa kile ambacho kufunguliwa hakukibadilishi kitu. Kwa Kifaransa, lugha ya vibandiko vingi tunavyovisoma hapa Likasi, Kongo, jina lake ni période après ouverture. Sisi kwa Kiswahili huieleza kwa sentensi nzima, au hatuielezi kabisa, nami naona inastahili jina.

Anayelihitaji jina hilo zaidi ni mwanamke aliyejiwekea sheria njema: sinunui vipodozi vingine mpaka nimalize nilivyo navyo. Hapa mtaani kwetu Shituru sheria hiyo haina haja ya kutetewa. Fedha ya urembo hutoka mwisho, baada ya unga wa bukari (ugali wetu), makaa na masomo ya watoto. Na sheria yenyewe hufanya kazi vizuri kwa sabuni, kwa mafuta ya ngozi, kwa poda, maana hivyo vyote vina mwisho wake. Siku moja kidole hugusa bati tupu la kikopo cha poda, na hapo umeruhusiwa kwenda sokoni.

Maskara haina siku hiyo. Unavuta brashi, inatoka nyeusi. Miezi inapita, bado inatoka nyeusi. Rangi imekuwa nzito, inagandisha kope tatu-tatu pamoja, kufika saa sita mchana vipunje vyake vimedondokea mashavuni, na kila asubuhi unajiambia kwamba ukinunua nyingine utakuwa umetupa mali. Ukimuuliza jirani atakichungulia kichupa na kukujibu, “Bado haiyaisha, mama.” Ni kweli, haijaisha. Lakini imeshakauka, na hayo ni mambo mawili. Kuchoka kwa wanawake wengi wenye kubana matumizi kunatoka katika kuyachukua mawili hayo kama moja.

Sababu iko katika umbo la kichupa chenyewe. Maskara ya kawaida ni maji, nta (ya nyuki, au ya mkarnauba, mti wa Brazili wa jamii ya mnazi), vitu vya kushikisha, dawa ya kuzuia vijidudu, na rangi, ambayo kwa nyeusi huwa oksidi ya chuma au masizi safi ya kaboni. Shingoni mwa kichupa kuna kipete cha mpira au plastiki kinachopangusa brashi ili isitoke na tope. Kipete hichohicho huiacha sehemu ya rangi imegandamana na kuta za ndani, mahali ambapo brashi haifiki. Na kila unapochovya na kuchomoa, hewa huingia. Maji hutoka kidogokidogo, nta hubaki. Katika kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Septemba, hewa inapokauka na vumbi la barabara kupanda, kichupa kilichofungwa vibaya hakiwezi kudumu. Kwa hiyo kichupa hufa kikiwa na rangi tele ndani. Kosa si la mtumiaji, ndivyo kilivyoundwa.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Maskara za kwanza za viwandani, zikiwemo zile za kampuni ya Maybelline iliyoanzishwa Marekani mwaka 1915, zilikuja zikiwa vipande vigumu ndani ya kikasha, kama rangi ya kuchorea ya mwanafunzi. Mtu alilowesha kibrashi, wengi kwa mate, akasugua, akapaka. Kipande hicho kiliweza kumalizwa mpaka mwisho. Mnamo mwaka 1957 mtengenezaji wa vipodozi Helena Rubinstein alitoa Mascara-Matic, rangi laini iliyokaa ndani ya bomba pamoja na kijiti chake, na tangu hapo dunia nzima ikafuata umbo hilo. Tulipata wepesi na usafi wa mikono. Tulichopoteza ni uwezo wa kumaliza, na hilo silioni likitajwa.

Rangi ya macho yenyewe ni ya kale, na ina undugu na ardhi yetu. Wamisri wa zamani walisaga madini mawili na kujipaka machoni: galena, ambayo ni madini ya risasi na hutoa weusi, na malakiti, ambayo ni madini ya shaba na hutoa kijani. Vibao vya mawe walivyosagia vimekutwa makaburini. Malakiti ni jiwe ambalo mtoto yeyote wa Likasi analijua. Madini ya kijani ya namna hiyo ndiyo kiwanda cha Shituru, kilichojengwa zama za kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, kiliyayeyusha kwa asidi ya salfa na kuyatoa shaba kwa umeme. Sidhani kama wengi wetu, tukipita kando ya kuta zake, tumewahi kufikiri kwamba jiwe lile lilianza safari yake machoni pa watu. Ile galena nayo ilifika pwani ya Waswahili kutoka Arabuni kwa jina la wanja wa manga. Wanja huo wa unga mkavu hauna maji, kwa hiyo haukauki wala hauozi. Mtu aliurithi kwa mama yake. Una hatari yake nyingine, maana risasi ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi.

Hapo ndipo jina wanja wa kope, ambalo baadhi huipa maskara, linaponitia shaka. Ni jina zuri na linaeleweka. Lakini linabeba tabia ya wanja wa zamani, kitu cha kuwekwa na kutunzwa miaka, wakati hiki kipya kina maji ndani na hakitunziki. Nitaendelea kusema maskara, na neno wanja nitaliacha kwa unga na kalamu yake.

Maji ndiyo hofu yenyewe. Brashi hugusa kope, hubeba vijidudu vya ngozi, hurudi gizani penye unyevu. Dawa ya kuvizuia hupungua nguvu kadiri miezi inavyokwenda. Mwaka 1977 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa waliopata vidonda kwenye kioo cha jicho kutokana na maskara iliyoingiwa na bakteria aitwaye Pseudomonas. Kukwaruzwa kidogo na brashi kulitosha kumfungulia mlango. Mate na maji ya bomba, ambavyo watu huongeza ili kulainisha rangi iliyokauka, ni kumlisha mdudu huyo. Kuazimana brashi na dada au rafiki siku ya harusi nako ni hivyohivyo.

Sasa jina. Tafsiri ya neno kwa neno, muda baada ya kufunguliwa, ni sahihi ila haishikiki mdomoni. Muda wa kufunguliwa haufai hata kidogo, kwa kuwa msomaji atadhani ni saa za duka. Mwisho wa matumizi tayari una kazi nyingine: ni tarehe iliyopigwa kiwandani, inayomhusu mwenye duka pamoja na mnunuzi, nayo hapa wengi huisema kwa Kifaransa, périmé. Alama ya kopo si tarehe. Ni hesabu inayoanza siku utakayofungua wewe, na hakuna wa kuianza isipokuwa wewe. Napendekeza miezi tangu kufunguliwa. Inaanza na kipimo chenyewe, M ile iliyochapwa, na tangu inamwelekeza mtu kwenye siku ya kuanzia. “Maskara hii ina miezi sita tangu kufunguliwa” ni sentensi ambayo muuzaji anaweza kumwambia mteja bila kumfundisha kitu.

Tena inamsaidia mteja kuuliza. Sokoni huonekana vichupa vilivyokwisha kujaribiwa na mikono mingi, kibandiko cha plastiki kimetoka, bei imeshuka. Tarehe ya kiwandani inaweza kuwa bado mbali na muuzaji akaionyesha kwa haki. Swali la kumuuliza ni lini kilifunguliwa, na asipolijua, kichupa hicho hakina hesabu tena.

Kwa mwenye sheria ya kumaliza kwanza, mpangilio unageuka. Andika kwa kalamu isiyofutika mwezi wa kufungua juu ya kichupa, nunua kichupa kidogo badala ya kikubwa, na utumie maskara kila siku badala ya kuihifadhi kwa Jumapili na sherehe, maana kuihifadhi hakuiongezei siku. Rangi ya mdomo mara nyingi huandikwa kati ya 12M na 24M, na poda kavu nayo huvumilia sana. Hizo ndizo za kumaliza polepole. Miezi ya maskara ikitimia, kichupa kitupwe na rangi yake ndani, na hapo sheria haijavunjwa. Brashi ikioshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa inachanua nyusi vizuri.